Wimbo wa Mashine ya Ulemo

Philipo aliapa kwa Mungu, akaapa kwa mama yake, akamalizia na ng'ombe wake watatu. Inspekta Sikudhani Mazengo alimwacha amalize. Miaka kumi na tisa ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayeapa lazima afike mahali apumue, na akishapumua ndipo husema la maana.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande."

"Haya. Nieleze biashara yako. Jifanye unamweleza mtu ambaye hajawahi kusikia muziki."

Biashara yenyewe ilikuwa meza moja kando ya barabara ya Kinampanda, kompyuta moja kuukuu iliyofunikwa kanga isiingie vumbi, na spika mbili zilizofungwa kwa kamba. Philipo alikuwa akiwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi: waendesha bodaboda, wenye saluni, wachungaji wanaokaa porini na viredio vyao wiki nzima. Siku ya mnada alihamia mnadani na spika zake. Tangu Jumatatu kijiji kilikuwa kimekwisha kumhukumu. Wawili walikuwa wamemtemea mate mbele ya meza, na mmoja wao alikuwa shemeji yake.

Kosa aliloshukiwa nalo lilikuwa la kumpa mwizi wimbo wa mwenzake. Leah, binti wa Kinampanda mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa akitengeneza muziki kwa kompyuta. Haimbi. Anarekodi milio ya vitu kwa simu, anaikata, anaipanga, anaitia besi mpaka miguu ya mtu inaanza kucheza bila kuomba ruhusa. Hana kampuni wala meneja. Nyimbo zake alizipeleka mwenyewe kwa wauzaji kama Philipo, na kwa upande wa mtandao alijisajili mwenyewe kwa kampuni moja ya usambazaji. Nyimbo kumi na moja, kazi ya miaka minne. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na mlio mzito wa mashine ya kukamua alizeti ya kijiji cha Ulemo, na yeye aliipa jina la "Ulemo Saa Moja."

Jumatatu wimbo huohuo ukasikika redioni. Jina lilikuwa "Kamua," na mwenyewe eti ni Chrispin, prodyuza wa Singida mjini. Chrispin hakutosheka na hapo. Alikuwa amewaandikia wasambazaji kwamba Leah ndiye mwizi. Kampuni ikafunga nyimbo zote kumi na moja na kumpa Leah mpaka Jumamosi saa sita mchana alete uthibitisho. Asipoleta, kazi zake zote zinafutwa, na hasajiliwi tena kwa jina lake maisha. Leo ilikuwa Alhamisi asubuhi.

"Leah akileta wimbo mpya," Philipo alisema, "anaanza kwa kumtaja muuzaji. Wangu unasema, 'Hii ni kwa Philipo, mzee wa spika.' Wa yule wa Kiomboi unamtaja yule wa Kiomboi. Watu wanapenda kutajwa, afande. Mtu anakuja kununua ili asikie nani katajwa."

"Kwa hiyo nakala yako ukiipeleka kwa mtu, jina lako linakwenda nayo."

"Linakwenda nayo. Tena linarudiwa katikati, juu ya ngoma. Ukilikata, unakata na ngoma."

Sikudhani akatoa simu yake na kumfungulia "Kamua." Philipo aliusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Dakika ya nne ilipopita, uso wake ukabadilika.

"Hiki kipande sikijui."

"Kipi?"

"Hiki cha mwisho. Wangu unaishia dakika nne. Huu unakwenda saba. Leah hajawahi kuniletea wa dakika saba, wala sijausikia kwa muuzaji yeyote. Na jina langu halimo!" Aliposema hilo la mwisho alisimama kabisa, furaha imemjaa. Ni nadra mtu kufurahi hivyo kwa kutokutajwa.

Sikudhani akaandika. Aliyeiba hakuiba kwenye memori kadi. Alichota kisimani. Na kisima cha Leah, penye wimbo mzima wa dakika saba, kilikuwa kompyuta yake, ambayo miezi miwili iliyopita ilizima ghafla, akaipeleka mjini kwa fundi. Fundi alimwambia hadidiski imekufa, amemwekea nyingine, ile mbovu ametupa. Fundi huyo alikuwa na chumba cha nyuma chenye maikrofoni. Jina lake Chrispin.

"Tumempata," alisema Koplo Paschal waliporudi kwenye gari. Paschal alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu na alipenda kesi fupi.

"Hatujampata. Tumempata mtu wa kwenda kumuuliza."

*

Chrispin aliwapokea kama mtu aliyekuwa akiwasubiri. Alivuta viti, akaagiza soda, akawasha kompyuta bila kuombwa. Alikuwa na miaka kama thelathini na tano, shati limepigwa pasi, sauti ya mtangazaji.

"Nilijua atakwenda polisi," alisema. "Mimi simlaumu. Umaskini ni kitu kibaya. Lakini kazi ni kazi, afande. Tazama mwenyewe."

Akawaonyesha. Kila kipande cha wimbo kilikuwepo, kimoja kimoja: besi, ngoma, filimbi, na faili refu la mlio wa mashine kabla haujakatwa. Tarehe zote zilikuwa za mwaka jana mwezi wa sita, kabla Leah hajampelekea mtu yeyote wimbo huo. Sikudhani alizikagua moja baada ya nyingine na hakuona ufa. Leah hakuwa na kitu. Alikuwa na wimbo uliokamilika kwenye simu yake, kama walivyokuwa nao watu nusu ya wilaya.

"Huyo binti aliniletea kompyuta, ndiyo. Hadidiski ilikuwa imekufa, nikatupa. Ni kosa?"

"Si kosa. Huu mlio wa mashine uliurekodi wewe?"

"Mimi mwenyewe. Ulemo, kwa yule mzee mwenye mashine."

"Nisimulie. Taratibu, koplo anaandika."

Chrispin akaegemea kiti. Alisimulia vizuri, tuseme ukweli. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Akina mama wamepanga foleni na magunia yao, watoto wanalia, mafuta yanatiririka kwenye ndoo, ya njano kama dhahabu. Akawafungulia mlio wenyewe na kuonyesha kwa kidole. "Unasikia hiyo? Kama mvua juu ya bati? Hizo ni mbegu za alizeti zinaingia kwenye mashine. Hapo ndipo nilipopata jina. Nikasema, huu wimbo ni 'Kamua.'"

"Una hakika ni mbegu?"

"Afande, mimi mtoto wa Singida. Alizeti nitashindwaje kuijua?"

Paschal alimsomea maelezo yake yote. Chrispin akayakubali, akatia sahihi kila ukurasa kwa mkono wa maringo. Akawapa na nakala ya mlio wa mashine kwenye flashi, bure. Mlangoni aliongeza neno.

"Mkienda Ulemo mjue wale ni ndugu zake wote. Watasema walimwona yeye. Mimi nina mafaili, wao wana midomo."

Ndani ya gari Sikudhani aliyasoma tena maelezo mpaka wakauacha mji. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilitokana na kwamba Chrispin alisema kweli katika hilo moja. Shahidi wa kijijini asingetosha. Alihitaji kitu kisicho na undugu na mtu. Bila kitu hicho mkuu wake asingeidhinisha upekuzi wa studio, na bila upekuzi hakuna kesi.

"Turudi nyumbani," alisema Paschal. "Huyu kajipanga."

"Ametaja mahali na saa. Utaratibu unasemaje?"

Paschal akashusha pumzi. "Kila mahali palipotajwa pakaguliwe."

"Ndiyo hivyo. Kesho saa kumi na mbili unipitie."

*

Mzee Chediel wa Ulemo alikuwa mtu mfupi mwenye suruali iliyolowa mafuta mpaka imekuwa ngumu kama turubai. Aliipenda mashine yake kuliko wateja wake, na wateja walijua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama mmekuja kukamua, subirini. Mashine bado baridi."

"Tumekuja kusikiliza tu."

"Basi sikilizeni. Hilo halina foleni."

Ilikuwa saa moja kasoro. Hapakuwa na mteja hata mmoja. Chediel akawasemesha vijana wake wawili kwa Kinyiramba, nao wakaburuta gunia lililokuwa pembeni. Sikudhani alisogea kuchungulia. Ndani hamkuwa na mbegu. Mlikuwa na vipande bapa, vikavu, vya rangi ya majivu, vilivyovunjika ukikunja tu.

"Mashudu haya si chakula cha ng'ombe?"

"Ya ng'ombe ni mengine. Haya ni ya mashine." Chediel aligonga chuma mara tatu kwa spana, akasikiliza, akakaza kidogo, akawasha. Mkanda ukaanza kuzunguka. Kijana mmoja akamimina mashudu mdomoni mwa mashine, na ghafla chumba kikajaa mlio kama mvua juu ya bati.

Sikudhani alikiinua kipande kimoja akakitazama. Yeye alizaliwa Manyoni, karibu na reli. Alichojua kuhusu alizeti ni mafuta ya kukaangia. Jana alikuwa ameamini kila neno la Chrispin, maana hata yeye, kama angeulizwa, angesema ni mbegu.

"Mzee, kwa nini mnaweka mashudu?"

"Chuma kikiwa baridi hakitoi mafuta, kinasaga uchafu. Lazima kipate moto. Ukikipasha na mbegu umemwibia mwenye mbegu. Unakipasha na mashudu ya zamani, makapi ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa, yanazunguka, yanazunguka tena, mpaka mkono hauwezi kugusa. Ndipo mteja anaingia."

"Na mbegu zikiingia, zinalia hivi?"

Chediel alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kama maziwa yanatoka kwa jogoo. "Mbegu ina mafuta. Inateleza. Inanyamaza. Subiri uone."

Wakasubiri. Ilipofika saa moja na nusu wateja wawili walikuwa wamekwisha fika na magunia. Paschal akirekodi kwa simu, mzee akamwaga mbegu za wa kwanza. Mvua ya bati ikakatika palepale. Kilichobaki kilikuwa mngurumo mzito, laini, na baada ya muda mafuta yakaanza kuchuruzika.

Sikudhani alitoa flashi ya Chrispin, akaichomeka kwenye redio ya kijana mmoja nje ya banda, akamwita mzee. Hakumwambia ni kitu gani. Chediel alisikiliza nusu dakika.

"Hiyo ni yangu. Mashudu. Napasha."

"Sikiliza mpaka mwisho, mzee. Pana mahali mbegu zinaingia?"

Faili lilikuwa la dakika kumi na nane. Paschal alitazama saa yake kwa uchungu, lakini wote watatu walisimama pale mpaka mwisho. Ilikuwa mvua ya bati mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na sauti ya mama yeyote, wala mtoto kulia, wala tone moja la mafuta kwenye ndoo.

"Hakuna mbegu," alisema Chediel. "Huyo aliyerekodi alikuwa hapa asubuhi, kabla sijafungua."

"Alikuwa nani?"

"Leah wa Kinampanda, nani mwingine? Alikuja mwaka jana, kafunga simu kwa soksi eti upepo wa mkanda usiingie. Nikamwambia ukinichafulia mashine nitakufukuza."

Sikudhani aliandika hilo pia, ingawa alijua wakili yeyote angelipuuza. Bado lilibaki jambo moja. Katika maelezo ya Leah aliyoyachukua Jumatano hakuwahi kuuliza mlio ule ni wa nini. Na yeye, kama wengine wote, alikuwa amedhania anajua. Akampigia simu, akaiweka kwa sauti ili Paschal ashuhudie.

"Leah, sina muda wa kukueleza. Jibu swali moja. Ile siku Ulemo, mashine ilikuwa inakamua nini?"

Sikudhani alijikuta ameshika simu kwa mikono miwili.

"Ilikuwa haikamui, afande," Leah alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia usiku kucha na anaogopa kukosea. "Mzee alikuwa anapasha. Mashudu. Ndiyo maana nilikwenda saa moja. Mbegu zikishaingia hakuna tena ule mlio, ngoma inakufa."

Paschal, aliyependa kesi fupi, akapiga kofi kwenye paa la gari mpaka kuku wakatawanyika.

*

Hati ya upekuzi ilisainiwa saa tano. Saa saba mchana, pamoja na wenzao wa Singida mjini, walikuwa tena kwenye viti vilevile. Safari hii hakuna aliyeagiza soda.

"Mmerudi kunisomea tena maelezo yangu?" alisema Chrispin. "Mnadhani nimeyasahau?"

"Hujayasahau, na sisi hatujayasahau. Saa nane mchana. Foleni. Mafuta yanatiririka. Mlio wa mbegu." Sikudhani akaweka mezani kipande cha shudu kavu na konzi ya mbegu za alizeti. "Chagua. Kipi kinalia kwenye wimbo wako?"

Chrispin alitazama mezani. Akatazama mlangoni. Akagusa mbegu.

"Haya uliyoyaacha tunayaita mashudu," Sikudhani alisema taratibu. "Mlio wako wote, dakika kumi na nane, ni haya. Yanawekwa asubuhi, banda likiwa halina mteja. Mafuta hayatoki. Wewe mtoto wa Singida uliona mafuta yanatiririka kutoka kwenye nini?"

"Labda... nimechanganya siku. Nilikwenda mara nyingi."

"Mzee Chediel ana mlango mmoja. Una rangi gani?"

Chrispin aligeukia kompyuta yake.

"Mashine iko kushoto au kulia ukiingia?"

"Afande, mimi ni msanii, siyo mpima viwanja."

"Sawa. Koplo, anza na rafu ya juu."

Ndani ya kasha la besi kuukuu, Paschal alitoa hadidiski iliyotiwa kwenye kava jipya. Chrispin alisema ni yake ya siku nyingi. Wakaichomeka mbele yake. Ilikuwa imesafishwa. Faili la Leah halikuwepo hata moja, wala jina lake. Chrispin akaanza kupumua vizuri.

Paschal hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alikuwa mtu wa kufungua kila droo. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akafika kwenye fungu dogo la mafaili lililokuwa limekaa pembeni kabisa, lenye jina ambalo mwizi wa muziki asingehangaika nalo: "Darasa la Sita."

"Mtihani wa Hisabati," Paschal alisoma kwa sauti. "Shule ya Msingi Kinampanda. Swali la kwanza. Mkulima ana magunia arobaini ya alizeti..."

Sikudhani aliuma mdomo asicheke. Leah alimwambia tangu Jumatano kwamba kompyuta ile aliinunua kwa Mwalimu Laurenti, na kwamba hakuwahi kuthubutu kufuta mitihani ya mwalimu wake.

"Chrispin," alisema, "prodyuza wa mjini anatunza mtihani wa darasa la sita wa Kinampanda kwa kazi gani?"

Sauti ya mtangazaji ilikuwa imemwisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye swali la kwanza la Hisabati.

"Sikujua utapendwa hivi," alisema hatimaye. "Nilidhani ni wimbo tu wa kijijini. Nani angekuja kuuliza?"

"Mimi," alisema Sikudhani. "Simama tuondoke."

*

Ripoti ilitumwa kwa wasambazaji Ijumaa jioni: maelezo yaliyotiwa sahihi, mlio wa mashudu na mlio wa mbegu bega kwa bega, picha ya hadidiski, na kukiri kwa Chrispin mwenyewe. Jumamosi saa tano ilipita bila jibu. Na nusu ikapita. Leah alikuwa mnadani, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nyuma ya meza ya Philipo, simu mkononi, hajala chochote tangu asubuhi. Philipo alikuwa amezima spika kwa heshima. Hajawahi kuzizima siku ya mnada.

Sikudhani alikuja na kanga begani, bila sare. Alisimama tu karibu.

Saa sita kasoro dakika nane simu ikalia. Leah alisoma, akasoma tena, akampa Philipo asome, kisha akamnyang'anya asome yeye. Nyimbo kumi na moja zimefunguliwa. "Kamua" imeondolewa, na wimbo wa dakika saba umewekwa kwa jina la mwenyewe. Akainuka juu ya ndoo, akapiga yowe lililowashtua ng'ombe wa mnada mzima, akamkumbatia inspekta wa polisi mbele ya watu. Inspekta naye akamkumbatia, akawa analia waziwazi na wala hakujali nani anaona.

"Washa!" Leah alimwambia Philipo. "Washa wote, wa dakika saba!"

Spika zikaamka. Chuma kikagongwa mara tatu, kisha mvua ya bati ikaanguka juu ya mnada, na besi ikaingia chini yake. Wauza vitunguu walianza kutikisa mabega. Waendesha bodaboda walishuka. Mama mmoja aliyebeba kuku wawili alicheza nao palepale, kuku vichwa chini. Paschal, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, aligeuka upande wa gari ili acheze bila kuonekana, na kila mtu alimwona.

Mzee mmoja mwenye fimbo na fahali wa kuuza alipenya katikati ya watu mpaka kwenye meza. Alisimama akisikiliza, uso umekunjamana, mpaka wimbo ukafika mwisho.

"Huu kaimba nani?" aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Haukuimbwa. Umetengenezwa," Philipo akamwambia.

"Marahaba. Nauliza, katengeneza nani?"

Kwa siku tano Leah alikuwa hathubutu kulijibu swali hilo mbele ya watu. Sasa alisimama wima, akafuta machozi kwa kiganja.

"Mimi. Leah wa Kinampanda."

Mzee alimpima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni, bila haraka. Kisha akaifunga kamba ya fahali wake kwenye mguu wa meza.

"Basi rudia," alisema.